Kijiti cha Juu ya Paa

Vijana wangu wa mabango,

Jana mlinionyesha kazi yenu nami sikusema mengi. Msidhani ni kwa kupendezwa. Nilikuwa nimechoka tu. Mlipiga picha ukuta wangu mmoja wa zamani kule sokoni, mkauingiza kwenye kompyuta, mkaung'arisha, mkachapisha bango refu la hoteli mpya: nyumba za nyasi, ng'ombe na ndama wake, mto, mlima nyuma. Rangi zimekolea, sikatai. Lakini juu ya kila paa nilikuwa nimechora kijiti kimesimama, na ninyi mmevifuta vyote. Nilipouliza, mmoja wenu akanijibu kwa adabu kabisa, kama mjukuu kwa babu yake, "Guka, tuliona ni mikwaruzo, tukatoa."

Mikwaruzo. Haya. Nimeamua kuwaandikia badala ya kuwaambia, maana nikisema mnatazama simu. Someni polepole. Mkimaliza mtaamua wenyewe kama mtavirudisha au mtaviacha.

Nilichora kuta za Kitale na Bungoma miaka yote ya themanini na sehemu kubwa ya tisini. Hoteli, baa, bucha, vinyozi, maduka ya dawa za mifugo. Leo shingo yangu haigeuki vizuri kwa sababu ya kutazama juu, goti la kushoto lilikatalia kwenye ngazi, na kifua kinapiga mluzi kwa ajili ya ile tina ya kuzimulia rangi tuliyoinusa kutwa nzima. Siwaambii ili mnihurumie. Nawaambia ili mkimwona mzee anapanda ngazi kidogo halafu anapumzika, mjue si uvivu.

Kazi niliyoitwa kufanya mara nyingi kuliko zote ilikuwa moja: kijiji. Mwenye hoteli alisema, "Fundi, nichoree nyumbani," nami sikuhitaji kuuliza nyumbani ni wapi. Nyumba za mviringo za nyasi. Ghala la mahindi. Mama na mtungi kichwani. Ng'ombe mnene wa gredi, wa maziwa mengi. Mto unaopita karibu na mlango, ingawa sijui ni nani hujenga karibu na mto namna hiyo. Migomba. Mlima Elgon nyuma, na jua ambalo halijulikani kama linachomoza au linatua. Katika kijiji hicho hakuna mtu aliyewahi kukohoa. Hakuna mabati yenye kutu, hakuna ua ulioanguka, hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mahindi yamebeba mawili mawili kila shina. Baba yangu alitoka Mkoa wa Kati akaja Trans-Nzoia kulima mahindi, nami nimezaliwa na kukulia humu, na shamba kama lile sijaliona hata siku moja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kizito, Mganda aliyevuka mpaka na brashi zake zimefungwa ndani ya soksi. Alikuwa mfupi, mkali, na hakukubali kuchora hata herufi moja kabla ya chai. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Anza na mbingu." Nikadhani ni mambo ya dini. Kumbe alimaanisha kwamba rangi hudondoka kwenda chini, haijawahi kudondoka kwenda juu. Ukichora ng'ombe kwanza halafu mbingu, ng'ombe atanyeshewa bluu. Basi unakwangua ukuta, unapiga msasa, unapaka rangi nyeupe ya kwanza, unaacha ikauke kabisa, ndipo mbingu: bluu nzito juu, nawe unashuka ukiongeza nyeupe kidogo kidogo mpaka ikifika mlimani iwe kama maziwa yaliyotiwa maji. Majani ya miti tuliyachapa kwa kipande cha godoro. Nyasi za paa tulizivuta kwa brashi kuukuu iliyokakamaa, kutoka juu kwenda chini, kama mvua inavyoshuka. Kwa hiyo brashi kuukuu msitupe. Brashi mpya haijui kuezeka.

Neno lake la pili nililielewa nikiwa kazini. Tulikuwa tunachora hoteli karibu na stendi, nimefika kwa yule mama wa mtungi, na mama mmoja muuza mboga akaja kusimama nyuma yangu na jerikeni ya njano kichwani. Akatazama weee.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama anatoka mtoni."

"Mbona hana jerikeni? Na hiyo leso haina hata matope. Huyo hajatoka mtoni, bana. Huyo anaenda harusi."

Nikacheka, nikaona ana haki, nikachovya brashi kwenye njano nigeuze mtungi uwe jerikeni. Mzee Kizito akanishika mkono.

"Jerikeni wanazo nyumbani," akasema. "Hapa wamekuja kula."

Kuna mwenye bucha mmoja alitaka ng'ombe anayetabasamu. Nikamwuliza, sasa huyu anatabasamia nini na yuko bucha? Akaniambia niache maswali mengi. Nikamchorea, meno yote nje, na watoto waliotumwa nyama wakawa wanasimamia ng'ambo ya barabara wakilia, mpaka nikaitwa tena kuufunga ule mdomo. Mteja ni mfalme, lakini si kila mfalme anajua anachotaka.

Sasa tuje kwenye kijiti.

Mara ya kwanza kwenda kufanya kazi Sirisia, upande wa Bungoma, peke yangu, bila Mzee Kizito, ilikuwa baa mpya. Mwenyewe aliniachia ukuta mzima wa mbele, nami nikataka aone kwamba nimefuzu. Nikachora kijiji kikubwa, boma karibu na boma, mapaa laini ya mviringo kama uyoga. Siku ya kufungua, wazee walioalikwa wakaja wamevaa makoti yao, wakafika mbele ya mlango, wakatazama ukuta, wakasimama. Hakuna aliyeingia. Mwenye baa akatoka mbio kuwabembeleza, nao wanatikisa vichwa. Mwishowe mmoja wao akanijia na fimbo yake.

"Wewe ndio Kaliuki?"

Jina langu ni Kariuki, lakini Bungoma nilikuwa Kaliuki na nilishazoea. Nikaitika.

"Sasa Kaliuki, sisi tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu, mzee."

"Na si umetumariza wote? Angaria hiyo nyumba. Angaria ile. Hakuna hata moja iko na kijiti. Hii umechora ni kijiji ya marehemu."

Hapo ndipo nilipofundishwa. Kwa Wabukusu, nyumba ya nyasi ina kijiti kinachosimama kileleni mwa paa. Kikiwapo, mwenye boma yuko hai. Akifa, kinatolewa, na kila apitaye njiani anajua bila kuuliza. Mimi nilizaliwa chini ya mabati. Paa kwangu lilikuwa kitu cha kuzuia mvua. Nikaegemeza ngazi pale pale na kuanza kusimika vijiti, wazee wakiwa chini wananielekeza. Kumbe kila mmoja alikuwa ameshajichagulia nyumba. "Hiyo ya pembeni ni yangu, ongeza kidogo." "Ya huyu isipite yangu, ati mimi ndio mkubwa." Walipotosheka wakaingia kunywa, wakanipa kiti katikati yao. Mila za mtu huwezi kuzijua kwa kupita barabarani tu. Tangu siku hiyo sijachora paa bila kijiti, mteja awe wa kabila lolote, hata Mzee Kizito akawa ananicheka kwamba nyumba zangu zina mkia.

Nimewachekesha vya kutosha. Hii nyingine haichekeshi sana, na ndiyo iliyonifanya niwaandikie.

Mama Nekesa alikuwa na hoteli ya mbao kule Matisi, pembeni mwa Kitale. Chai, chapati na maharagwe, na matumbo siku za soko. Mume wake, Wanyonyi, alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alivuka mpaka na mzigo wakati kule ng'ambo kulikuwa na vita, na hakurudi. Hakuna aliyeliona lori, hakuna aliyeuona mwili. Mama Nekesa aliponiita nimchoree ukuta wa ndani, ule unaotazama mlango, alikuwa amemsubiri miaka mingi, na Matisi yote ilijua.

"Nichoree kwetu Sirisia," akaniambia. "Boma ya Baba Nekesa."

Nikamwomba anieleze ilivyo. Akasema nyumba imeinama kidogo upande wa mlango, "lakini wewe inyooshe." Mto uko mbali, "ulete karibu." Ng'ombe alikuwa mmoja wa kienyeji, amevunjika pembe, "weka wawili, wazima." Mlango ni mfupi, Baba Nekesa alikuwa akiugonga kwa kichwa kila jioni na kuulaani, "sasa uongeze, asiumie tena." Kila kitu alinieleza kilivyo, halafu akaniambia nikitengeneze. Nami nilifanya hivyo, maana hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa. Kitu kimoja tu hakutaka nikibadilishe.

"Kijiti," akasema. "Hapo usicheze. Kionekane mpaka barabarani."

Nikakichora kirefu, cheusi, katikati ya bluu safi ya mbingu. Akatoka nje, akavuka barabara, akakiangalia kutoka upande wa pili, akarudi akaninunulia soda.

Baadaye nikaja kuelewa. Kule Sirisia ile nyumba yenyewe ilikuwa imechakaa, upepo ukaangusha kijiti, na Makokha, ndugu mdogo wa Wanyonyi, akakataa kirudishwe. Alikuwa anapanga matanga. Mtu akipotea namna hiyo bila mwili, wanazika mgomba: shina la mgomba linalazwa kaburini mahali pake, watu wanalia, mambo yanakwisha. Na yakishakwisha, mke ni mjane, na mjane hurithiwa na ndugu wa mume. Makokha alikuwa tayari. Mama Nekesa hakuwa tayari.

"Nitalilia mgomba aje?" aliniambia. "Na labda mtu wangu yuko mahali anakula."

Watu wa Sirisia wakija Kitale kwa shughuli zao walikula pale kwake, kisha wakarudi nyumbani na habari: boma ya Wanyonyi iko na kijiti, tumekiona kwa macho. Wengine wakaanza kusema basi amepatikana, kama sivyo fundi asingethubutu. Wazee wakaambiana matanga yangoje kwanza. Makokha akapanda hasira, akanifuata mahali pangu pa kazi pale sokoni, pamoja na jamaa zake. Walinisalimia vizuri, tena wakaniuliza habari ya watoto.

"Kaliuki, umechora uwongo," Makokha akasema.

"Nimechora nilichoambiwa na mwenye ukuta."

"Toa hiyo kitu. Ni kupitisha brashi tu, maneno iishe. Hii ni mambo ya kwetu. Wewe si wa hapa."

Miaka ile, wanangu, "si wa hapa" halikuwa neno la kupuuza Trans-Nzoia. Kuna watu walichomewa nyumba kwa neno hilo, na wengine wao tulisoma darasa moja. Mimi nimezaliwa Kitale, kitovu changu kimezikwa Kitale. Na bado niliogopa, nasema wazi. Nilifikiria mke wangu na watoto, nikafikiria paa langu la mabati ambalo halina kijiti cha kumwambia mtu kama niko hai au nimekufa.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Nekesa na mkebe wa bluu ndani ya mfuko. Aliuona nilipoingia tu. Alikuwa anasukuma chapati.

"Umekuja kumzika?"

"Wamenitisha, mama."

"Najua. Hata mimi wananitisha." Akageuza chapati, akaendelea kusukuma nyingine. "Ukuta ndio huo. Kama mkono wako utaenda, toa."

Mkono haukwenda. Mzee Kizito alikuwa na neno la tatu, nalo ni hili: ukuta una mwenyewe, na kazi uliyomfanyia mtu usiifute mpaka akuite kwa mdomo wake. Mama Nekesa hakuwa ameniita. Alikuwa ameniachia tu mzigo nione kama nitaubeba. Nikanywa chai yake, nikaondoka na mkebe wangu haujafunguliwa.

Makokha akaona alete mkubwa kuliko sisi sote: mama yao mzazi. Sote tulimwita Kukhu, maana yake nyanya. Makokha alijua kwamba bibi kizee akiukasirikia ule ukuta, utapakwa rangi siku hiyo hiyo. Mama Nekesa akatuma mtu aniite, ili na mimi nijibu maneno yangu mwenyewe.

Kukhu alikuwa na ukungu machoni. Walimketisha kwenye benchi mbele ya picha, akakataa, akasimama na kusogea mpaka pua ikakaribia ukuta. Akaugusa mlango. Akaugusa mto. Makokha nyuma yake anasema, "Mama, unaona vire wanatuchezea? Ona hiyo kijiti." Kukhu alipapasa ukuta mpaka mwisho, akarudi, halafu akanigeukia.

"Fundi, kuku yangu iko wapi?"

"Kuku gani, Kukhu?"

"Hapa, mbere ya nyumba ya mtoto yangu, mimi nilikuwa naweka kuku. Sasa umeacha nyumba peke yake kama ya mchawi. Weka kuku."

Nikafungua rangi. Kila mtu alisimama kunitazama, hata waliokuja kula. Nikachora mweupe na vifaranga vyake, nikachora mwekundu, Kukhu akasema bado kuna yule asiye na manyoya shingoni, nikamchora na yeye. Nilipomaliza alijifuta uso kwa leso, akamwambia Makokha maneno machache kwa lugha yao. Makokha akachukua kofia yake akatoka. Mama Nekesa ndiye aliyenitafsiria: "Amesema mgomba utazikwa yeye akishazikwa." Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaingia jikoni tusimwone. Mimi nilifurahi siku hiyo kama mtu aliyejengewa nyumba.

Basi ikawa kazi yangu. Ninyi hamjui moshi wa kuni na mvuke wa matumbo unavyokula rangi. Mbingu ikawa kahawia, mto ukawa kama chai ya rangi, ng'ombe wakapoteza macho. Kuku wa Kukhu wakabaki madoa. Nikamwambia Mama Nekesa nipake yote upya, akasema hapana, kijiti tu. Kila kilipofifia aliniita, nikapanda ngazi, nikakitia weusi. Ikafika mahali ukuta mzima umezeeka na kitu kipya ni kijiti peke yake. Na sisi tulikuwa tunazeeka vivyo hivyo. Mzee Kizito alirudi kwao, nikasikia amefariki. Nekesa aliolewa. Mimi goti likaanza kuuma, na mabango ya kuchapishwa yakaanza kuingia mjini.

Kisha Kukhu akafa. Wakamzika Sirisia, na udongo haujatulia Makokha akalirudia lile neno la mgomba. Safari hii wazee walikubali. Wakasema ni baada ya kuvuna.

Mahindi yalikuwa bado shambani Wanyonyi alipoingia hotelini.

Nilikuwepo, nakunywa chai ya saa nne. Mtu wa makamo, mvi kwenye ndevu, koti zuri, kofia, mkoba mkononi. Akaketi mbele ya ukuta, akaagiza ugali na matumbo. Kiswahili chake kilikuwa na Zaire ndani yake, nami nikamchukulia kuwa mfanyabiashara. Mama Nekesa akatoka jikoni na sahani. Akasimama. Alimjua kabla hajaifikia meza. Mchuzi moto ulimmwagikia vidoleni, na hakuupangusa. Mgeni hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama picha.

"Mama," akauliza, "hii boma nzuri hivi ni ya nani?"

Mama Nekesa akaweka sahani mezani.

"Ni ya mtu wa Sirisia."

"Huyo mtu amebarikiwa," akasema, akavuta ugali, akaanza kula. Alimeza tonge, akainua macho kuomba chumvi, na hapo ndipo akamwona. Mkono ukabaki hewani.

Msimlaumu kwa picha. Mimi ndiye niliyeinyoosha nyumba yake, nikamletea mto, nikampa ng'ombe ambaye hakuwa naye na mlango asioweza kuugonga kwa kichwa. Mtu angeijuaje? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba Kukhu, na ukungu wake machoni, alijua mpaka kuku walipokosekana.

Mengine nilisikia kama kila mtu. Vita vilimzuia mwanzoni. Baadaye hakuzuiwa na kitu. Alikuwa na mke kule Zaire, na watoto, na lori lake mwenyewe. Habari za kifo cha mama yake zilimfikia, ndiyo maana alikuja, na pia alitaka sehemu yake ya shamba aiuze. Alikwenda Sirisia, Makokha akamkumbatia huku analia, yule yule aliyetaka kumzika, wakachinja mbuzi. Mama Nekesa alibaki hotelini, akapika kama kawaida.

Siku chache baadaye akatuma mtu. "Fundi aje, na bluu."

Nikamkuta amesimama chini ya ukuta, mikono imefungwa kifuani. Akaonyesha kwa kidevu.

"Toa."

"Mama, si amerudi? Mtu yuko hai, anakula mbuzi Sirisia."

"Nimesikia."

"Watu wataona kijiti hakuna, watasema umemwua."

"Fundi. Mimi sijasema amekufa. Nimesema toa."

Nikampa brashi, nikadhani labda anataka mkono wake mwenyewe. Akaikataa.

"Ni wewe umekuwa ukimfufua kila mwaka," akasema. "Wewe umalize."

Mwenye ukuta alikuwa ameniita kwa mdomo wake. Nikapanda. Ninyi mkikosea mnabonyeza kitufe, kitu kinarudi kilivyokuwa. Mimi nilikuwa na mkebe wa rangi na mbingu iliyopigwa moshi miaka yote ile. Nilichanganya bluu na nyeupe, nikatia masizi kidogo, nikatia kahawia, nikajaribu pembeni. Rangi mbichi inadanganya, haisemi kweli mpaka ikauke. Nikangoja, nikaona bado inang'aa. Nikachanganya tena. Sikuipata ile mbingu.

"Itaonekana," nikamwambia.

"Iache ionekane."

Nikashusha brashi kutoka juu kwenda chini, kama nilivyofundishwa kupaka mbingu. Nimechora vijiti vingi maishani, na hicho ndicho pekee nilichowahi kukitoa. Niligeuzia uso ukutani kwa muda, nikijifanya natazama kama kuna doa, maana machozi yalinitoka na sikutaka wateja waone fundi analia juu ya ngazi.

Nilikuwa bado nasafisha brashi Wanyonyi alipoingia. Alikuwa ametoka Sirisia, mkoba mkononi, na ilionekana kwamba amekuja na maneno ya shamba mdomoni. Akamwita, "Mama Nekesa." Halafu akatazama juu. Rangi ilikuwa bado mbichi, bluu mpya kabisa, mahali padogo tu juu ya paa la ile nyumba. Alikuwa Mbukusu, na alilelewa na Kukhu. Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Alivua kofia yake polepole, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili, na safari hii hakuuliza boma ni ya nani.

Mama Nekesa alichukua kitambaa, akapangusa meza iliyo karibu na mlango, akamvutia kiti.

"Karibu," akamwambia, kama alivyomwambia mgeni yeyote. "Utakula nini?"